Kitufe kikikwama chini ya maji: somo kwa wanaorudi ziwani na majaketi ya mitumba

KWA sisi watu wa mipakani, neno kuzamia lina maana inayojulikana hata na watoto: kuingia nchi ya watu usiku, kwa njia za panya, bila karatasi. Makala haya hayahusu kuzamia huko. Yanahusu kuzamia kwenyewe, chini ya maji, mtungi wa hewa ukiwa mgongoni na mpira wa kupumulia ukiwa mdomoni. Na katika vifaa vyote vya kazi hiyo, yanahusu kimoja kisichozidi ukubwa wa kiganja: kijaza hewa cha jaketi la mpiga mbizi, na yale yanayompata mtu pale kitufe chake kinapokwama.

Ndugu msomaji, unaweza kusema hiyo ni michezo ya watalii. Ukifika Ziwa Nyasa, ambalo wenzetu wa Malawi huliita Ziwa Malawi, utaona mambo ni mengine. Huko Senga Bay, wilayani Salima, wapo wenyeji ambao kwa miongo kadhaa wamezamia ili kukamata mbuna, samaki wadogo wa rangi nyingi wanaosafirishwa wakiwa hai kwenda kuuzwa kwa wafugaji wa samaki wa urembo ng'ambo. Kwetu Ziwa Tanganyika, biashara ya namna hiyo ilishika kasi Burundi tangu miaka ya 1970, na wapo wanaoifanya hata Kigoma na upande wa Zambia. Tena si samaki tu. Nyavu hunasa kwenye mawe, mashine za boti huanguka majini, nanga hukatika. Anayeweza kushuka na kuvileta juu hupata chochote cha kumpeleka nyumbani.

Hapo ndipo sisi tuliorudi tunapoingia. Wengi tumerudi tukakuta mashamba ya wazee yana watu wengine, kesi ziko kwa wapatanishi, na ziwa pekee ndilo halina mwenye hati. Vijana wanatafuta kazi ya ziwani, na wafanyabiashara wanawatafutia vifaa vya bei nafuu. Vifaa hivyo ni vya mitumba, na siku hizi baadhi yake vinapatikana hata mahali ambapo hakuna ziwa.

Dzaleka, nchi kavu

Mahali hapo ni Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa saa moja hivi kwa basi dogo kutoka Lilongwe. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa na gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Ilipangiwa watu wasiozidi 12,000, lakini sasa ina zaidi ya 50,000: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na wengineo. Mimi niliingia pale mwaka 1997 nikiwa na miaka 13. Nilisoma pale, nikaanza kufundisha pale pale, na nikarudi Rumonge mwaka 2009. Dada yangu amebaki huko hadi leo, ndiyo maana kila nikipata likizo na nauli huifuata ile njia ndefu ya Kobero, Mbeya, Kasumulu na Karonga.

Serikali ya Malawi ilipoagiza mwaka 2023 kwamba wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini na vijijini warudi kambini, wafanyabiashara wenzetu waliokuwa na maduka Lilongwe walilazimika kuyafunga, wakahamishia Dzaleka walichoweza kubeba. Soko la kambi likapata vitu ambavyo zamani havikuwamo. Katika safari yangu ya mwisho, kati ya marundo ya kaunjika, yaani mitumba kwa lugha ya Kichewa, nilikuta majaketi manne ya kupigia mbizi yamening'inizwa pamoja na makoti ya mvua.

Jaketi hufanya kazi vipi

Jaketi hili si boya la kujiokolea lile tunalovaa kwenye boti. Boya la boti kazi yake ni moja, kukuweka juu. Jaketi la mpiga mbizi hufanya kazi mbili zinazopingana. Ukitaka kushuka unatoa hewa, ukitaka kutulia katikati ya maji bila kuzama wala kupanda unaongeza kidogo, na ukifika juu unalijaza likushikilie.

Hewa hiyo hutoka kwenye mtungi ule ule unaokupa pumzi. Mtungi uliojaa huwa na mgandamizo wa kiasi cha mara 200 ya hewa ya kawaida. Kifaa kilichofungwa kwenye shingo ya mtungi huupunguza hadi kiasi cha mara 10 tu, na mpira mmoja mwembamba huileta hewa hiyo hadi begani kushoto, kwenye kijaza hewa. Hapo pana vitufe viwili. Kimoja hujaza na kingine hutoa. Mpira umeungwa na kijaza hewa kwa shingo ndogo ya chuma ambayo ukiivuta nyuma hufunguka mara moja, hata mpira ukiwa na hewa ya nguvu ndani yake.

Ndani ya kitufe cha kujaza kuna vali ndogo yenye springi, ya jamaa moja na ile ya tairi la gari. Fundi yeyote wa matairi anajua vali hiyo inavyougua. Mchanga huingia, chumvi hukauka na kuganda, kutu hula springi, ringi ya mpira huzeeka na kupasuka. Kitufe kikibonyezwa kinazama, kisha hakirudi. Ndani ya maji maana yake ni kwamba hewa inaendelea kumiminika kwenye jaketi bila wewe kuamuru.

Somo la sirinji

Kwa nini jambo hilo ni la hatari? Jibu lake nililijifunza Dzaleka, darasani, kabla sijaligusa ziwa kwa miaka mingi. Mwalimu wetu wa fizikia hakuwa na maabara. Alileta sirinji isiyo na sindano, akaziba tundu lake kwa kidole gumba na kutuambia tusukume. Tuliposukuma, hewa ilijikunja ikawa ndogo. Tulipoachia, ikakirudisha kijiti mahali pake. Hiyo ndiyo kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662: mgandamizo ukiongezeka mara mbili, hewa hubaki nusu, mgandamizo ukipungua nusu, hewa huwa mara mbili.

Ziwani kidole gumba ni maji yenyewe. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu. Ukiwa mita 10 chini umebanwa mara mbili, ukiwa mita 20 mara tatu. Sasa chukua jaketi lenye lita 3 za hewa katika kina cha mita 20. Likifika juu, hewa hiyo hiyo, hata bila kuongezewa, inakuwa karibu lita 9. Na kila lita moja ya hewa huinua takriban kilo moja. Kwa hiyo jaketi linaloanza kupanda huvimba, likivimba hupanda kwa kasi zaidi, na likipanda huvimba tena. Ongeza hapo kitufe kilichokwama na utaelewa kwa nini mtu huruka juu kama kizibo cha chupa.

Nguvu ya hewa iliyofungiwa si jambo geni kwa watu wa maziwa. Meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, Mei 21, 1996, ilikaa kwanza juu ya maji ikiwa kichwa chini kwa sababu kulikuwa na hewa ndani yake. Waokoaji walipotoboa tumbo lake ili kuwatoa waliokuwa hai, hewa ilitoka na meli ikazama. Hewa ndiyo iliyokuwa imeibeba. Kwa mpiga mbizi hatari iko kinyume chake, maana hewa ikizidi humbeba asikotaka kwenda, na kwa mwendo asioutaka.

Kitufe kikikwama

Nilijifunza kupiga mbizi mwaka 2017, nikiwa nimekwenda kumwona dada, kwa mkufunzi mmoja wa Cape Maclear, wilayani Mangochi. Kabla hajaniingiza majini alinifanyisha zoezi moja mchangani hadi nikachoka: shika, inua, bonyeza, vuta. Nilifumba macho, nikafanya. Nikavaa glovu, nikafanya. Nilihesabu mara 40.

Siku ya nne, tukiwa mita 12 chini, nilibonyeza kitufe kidogo ili nisiguse mchanga. Nilipoachia, mlio wa hewa haukukoma. Ulikuwa kama wa chungu kinachotoa mvuke, pale pale begani, na jaketi likaanza kunibana mbavu. Mikono ilikuwa imekwisha kuanza kazi kabla akili haijapata jina la kilichotokea. Nilipanda kiasi cha mita mbili tu, kisha mlio ukakatika. Mkufunzi alinishika mkono, akanionyesha ishara ya kupanda taratibu. Huko juu alilifungua jaketi na kutuonyesha chembe ya mchanga iliyokuwa imejipachika kwenye vali. Tangu hapo kila ninayemfundisha kuogelea namfundisha na hatua hizi, awe na jaketi au asiwe nalo.

Kwanza, litambue tatizo. Dalili zake ni tatu: mlio wa hewa usiokoma, jaketi kubana kifua, na mwili kupanda wakati miguu yako imetulia.

Pili, mkono wa kushoto ukishike kijaza hewa, ukiinue juu ya kichwa, na kidole kibonyeze kitufe cha kutoa hewa bila kuachia. Hewa hukaa sehemu ya juu kabisa, hivyo simama wima ili ipate njia. Mwili ukiwa kichwa chini, tumia kamba ya vali iliyo nyuma kiunoni.

Tatu, wakati huo huo, mkono wa kulia uivute nyuma shingo ya chuma na kuung'oa mpira. Hapo chanzo kimekatika. Usiogope: mpira huo haukupi pumzi. Pumzi inapita kwenye mpira mwingine, na utaendelea kupumua kama kawaida.

Nne, usiurudishe mpira ili kujaribu kama kitufe kimepona. Mpe ishara mwenzako na maliza mbizi. Katika kupanda huhitaji kuongeza hewa. Unahitaji kuitoa kidogo kidogo kadiri inavyotanuka. Panda kwa mwendo usiozidi mita 9 kwa dakika, na ukifika mita 5 tulia kwa dakika 3. Ukishafika juu, lijaze jaketi kwa mdomo. Likikataa, vua mkanda wa uzito.

Usibane pumzi

Itokee basi kwamba umechelewa na jaketi limekwisha kukuchukua. Kilichobaki ni kulinda mapafu. Mapafu nayo ni sirinji. Ukibana pumzi kwa woga katika mita 10 na ukafika juu hivyo hivyo, hewa iliyojaa humo itataka nafasi mara mbili, na nafasi hiyo haipo. Mapafu hupasuka, na hewa inaweza kuingia kwenye damu na kufika ubongoni. Kwa hiyo pumua nje muda wote, kama mtu anayesema "aaa" bila kukata. Tanua mikono na miguu, lala chali kama jani ili maji yakupunguzie kasi. Endelea kutoa hewa kwa kitufe au kwa kamba ya begani kulia. Mkanda wa uzito usiuguse ukiwa bado unapanda, maana kuutupa ni kujiongezea mwendo.

Aliyeruka juu namna hiyo asirudi tena chini siku hiyo, hata kama anajisikia mzima. Kupanda haraka kunaweza kufanya gesi ya naitrojeni iliyoyeyuka mwilini itoke kwa mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Dalili zinaweza kuonekana papo hapo au baada ya saa kadhaa: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, kifua kuuma, kukohoa damu, miguu kukosa nguvu. Mlaze chali, mpe oksijeni safi kama ipo, asifanye kazi yoyote, na afikishwe hospitali haraka, na daktari aambiwe wazi kuwa mgonjwa alikuwa anapiga mbizi. Tiba kamili inahitaji chumba maalumu cha mgandamizo. Vyumba hivyo ni vichache katika kanda yetu na viko mbali na maziwa. Kinga hapa ni bora kuliko tiba, kwa sababu tiba yenyewe iko safari ndefu.

Milima ya Dowa

Jambo hili husahauliwa hata na wenye uzoefu. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Lilongwe iko kiasi cha mita 1,050, na Dowa iko juu zaidi. Kijana anayezamia Senga Bay asubuhi, kisha akapanda basi dogo jioni kurudi Dzaleka, anaendelea kupanda hata baada ya kutoka majini. Hewa inazidi kuwa nyepesi na gesi iliyobaki mwilini inapata nafasi ya kutoka kwa mapovu. Kwa wanaopanda ndege, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Barabara ya mlima ihesabiwe vivyo hivyo. Lala ziwani, safiri kesho yake. Sisi wa Rumonge tukumbuke hayo kwa barabara ya kupanda Bururi, tena Tanganyika lenyewe tayari liko juu ya mita 750. Majedwali ya mbizi yaliyopigwa kwa ajili ya bahari hayafai kutumika huku bila kurekebishwa.

Kabla ya kutoa pesa

Nirudi kwenye soko la Dzaleka. Pale kwenye yale majaketi manne alikuwapo kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Sasa anajiandaa kurudi nyumbani.

"Mwalimu," akaniambia kwa furaha, "bei yake haifiki hata ya baiskeli. Nikilifikisha Rumonge nitaokota mashine zote zilizolala chini."

"Bonyeza kitufe hicho, mwanangu," nikamwambia.

Akabonyeza. Kitufe kikaingia, kikabaki humo. Alikitoa kwa ukucha. Muuzaji, Mkongo wa Uvira, alicheka: "Mjomba, hicho kinataka mafuta kidogo tu!" Kijana akaniangalia, nikamuuliza kama huko chini atakuwa na nafasi ya kutumia ukucha. Akalirudisha jaketi kwenye msumari.

Kwa mfanyabiashara anayetaka kununua vifaa hivi ili auze, ukaguzi wake si mgumu. Bonyeza kila kitufe mara 20. Lazima kirudi chenyewe, bila kusita. Vuta shingo ya chuma ya mpira. Iteleze hata kwa mkono wenye glovu. Vuta kamba zote za kutolea hewa. Lijaze jaketi kwa mdomo hadi likaze, uliache usiku kucha. Likilegea asubuhi, linavuja. Mimina maji safi ndani, tikisa, mwaga. Ukiona chumvi au uchafu wa kijani, kijaza hewa nacho kiko hivyo. Kunja mpira uone kama una nyufa. Kisha omba lijaribiwe kwa mtungi wenye hewa, majini, usikilize kama mlio unakata mara kidole kinapoachia.

Mafuta ya cherehani na grisi ya gari visiguse vali hizo, kwani huharibu mpira. Fundi wa vifaa hivi hutumia grisi ya silikoni na hubadilisha springi na ringi. Afanye hivyo kila mwaka. Mtungi nao una muhuri wa tarehe shingoni: upimwe kwa maji ya mgandamizo kila miaka 5. Na asitokee mtu wa kuujaza kwa mashine ya kujazia matairi. Hewa yake huweza kuwa na mafuta na moshi wa injini, na moshi huo ukivutwa chini ya maji huua mtu bila kumwamsha.

Baada ya kila mbizi, suuza jaketi kwa maji safi nje na ndani, bonyeza vitufe vikiwa majini ili mchanga utoke, lianike kivulini. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini mchanga wake ni ule ule uliokwama begani kwangu.

Wafanyabiashara wenzangu wa Kasumulu na Kobero, shati la mtumba likichanika, mteja hurudi kukudai. Jaketi la mpiga mbizi lenye kitufe kibovu halina mteja wa kurudi. Ukilikuta sokoni ukashindwa kulijaribu, liache lining'inie. Na wewe kijana uliyelinunua tayari, kaa nalo mchangani leo jioni, fumba macho, na ufanye: shika, inua, bonyeza, vuta. Ukifika mara 40, anza tena kwa glovu.